Shahada ya mtandaoni kwa mwalimu aliye kazini: niliyoyaona nikisoma kutoka Kisumu

Nilijisajili kusomea Shahada ya Elimu kwa njia ya mtandao mnamo Septemba 2021, nikiwa na umri wa miaka 41, mama wa watoto watatu, na mwalimu wa darasa la Gredi ya 5 lenye wanafunzi 63 katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Tangu nilipomaliza, walimu wenzangu wamekuwa wakinisimamisha kwenye mikutano ya kanda na kwenye matatu wakitaka kujua kama karo yangu ilikwenda mahali pa haki, nami nimekuwa nikiwajibu kwa vipande kulingana na muda uliopo. Hapa nataka kujibu kwa ukamilifu. Jina la chuo nimeliacha kwa makusudi. Ni chuo kikuu cha humu nchini ambacho makao yake yako mbali na Nyanza na Magharibi, na lawama nitakazozitoa nazitoa ili msomaji azitumie kukipima chuo chochote anachokusudia kujiunga nacho.

Niliingia kwa njia ya stashahada. Alama yangu ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni C, na kiwango cha kuingilia chuo kikuu moja kwa moja ni C+, kwa hiyo cheti changu cha ualimu wa shule ya msingi, P1, na stashahada niliyoiongeza baadaye ndivyo vilivyonibeba, na masomo kadhaa ya stashahada yalihesabiwa hata nikapunguziwa mwaka mzima. Walimu walionitangulia walisoma wakati wa likizo: Aprili, Agosti na Desemba, shule zilipofungwa, wao walifunga virago wakaenda kukaa chuoni majuma matatu au manne, wakilipia chumba na chakula ilhali nyumba zao zimebaki tupu. Mwenzangu mmoja alisoma hivyo kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote hakupata likizo hata moja ya Desemba aliyokaa nyumbani hadi mwisho. Mimi nina mama mzazi anayeugua kisukari na ninaishi naye Mamboleo, mtaa wa Kisumu. Njia ile isingewezekana kwangu, na bila mtandao nisingesoma kabisa. Hilo lazima nilitamke kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana lina uzito katika kila hukumu nitakayoitoa.

Tuanze na fedha. Mwaka una mihula mitatu, na kila muhula nililipa shilingi 31,500 kwa M-Pesa, nikiruhusiwa kugawa malipo mara tatu mradi niwe nimemaliza kabla ya mitihani. Kwa mihula tisa jumla ni shilingi 283,500. Kiasi hicho ndicho kilichoandikwa kwenye tangazo. Ambacho hakikuandikwa ni ada ya teknolojia, ada ya mitihani, ada ya chama cha wanafunzi ambacho sikuwahi kuhudhuria mkutano wake, na ada ya kitambulisho cha mwanafunzi nilichokipokea nikiwa mwaka wa pili. Hizo ziliniongezea takriban shilingi 4,000 kila muhula. Ongeza kipakatalishi cha mtumba nilichonunua kwa shilingi 24,000 mjini Kisumu, pamoja na bando za kila mwezi hadi pale mimi na jirani yangu tulipokubaliana kuchangia intaneti ya nyumbani. Nilikopa kwenye sako ya walimu nikawa nakatwa kwenye mshahara. Baadaye nilikuja kujua kwamba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ina mkopo uitwao Jielimishe kwa ajili ya watu walio kwenye ajira, na anayeanza leo anafaa kuulizia huo kabla ya kuomba kwingine. Naiona bei yenyewe kuwa ya haki. Kuficha ada nyingine hadi mtu awe ameshalipa karo ya kwanza si haki, na ni jambo ambalo chuo chochote kinaweza kulirekebisha kwa kuandika ukurasa mmoja.

Tovuti ya masomo ilijengwa juu ya Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni, na kwa kweli ilinihudumia vizuri kuliko nilivyotarajia. Ilifunguka kwenye simu bila matatizo, ilinikumbusha tarehe za kuwasilisha kazi, na kila nilipopakia zoezi ilinipa risiti yenye saa na dakika. Risiti hizo nilizihifadhi zote, na mbele mtaona kwa nini. Mihadhara ya moja kwa moja ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku, wakati ambao mwalimu amekwisha kusahihisha vitabu na mama amekwisha kupakua chakula, na aliyekosa aliweza kuitazama baadaye. Kasoro ni kwamba video zilikuwa nzito mno. Mhadhara mmoja wa saa nzima uliweza kumaliza bando ya siku tatu, na tuliomba mara kadhaa tupewe sauti peke yake. Mhadhiri mmoja alikubali. Yeye nilimsikiliza nikiwa kwenye matatu, nikiwa napepeta mchele, na nikiwa kwenye foleni ya hospitali na mama, na somo lake nadhani ndilo nililolijua vizuri kuliko yote.

Sasa nifike kwenye kiini cha maoni yangu. Katika somo la mbinu za kufundisha Hisabati tuliagizwa kuandika andalio la somo la dakika 35. Niliandika kuhusu nusu na robo, mada ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka kumi na minane, na kusema kweli niliiandika kwa haraka. Siku tatu baadaye nilipata alama 14 kati ya 20, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mhadhiri alikuwa amesoma kila mstari. Aliniambia: “Mwalimu, hapa umepanga kuwauliza watoto kama nusu si kubwa kuliko robo. Swali lako limekwisha kubeba jibu. Darasa lote litaitikia ndiyo, nawe utasonga mbele ukiamini wameelewa. Waulize ipi kubwa, kisha unyamaze.”

Kesho yake asubuhi nilifanya hivyo. Niliandika 1/2 na 1/4 ubaoni bila mchoro wowote, nikauliza ipi kubwa, nikanyamaza. Mikono iliyoinuliwa kuitetea robo ilikuwa mingi kuliko ya nusu. Mvulana wa dawati la mbele alisimama akaeleza, kwa uhakika kabisa, kwamba nne ni kubwa kuliko mbili, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilisimama pale na chaki mkononi nikiwafikiria watoto wote niliowahi kuwafundisha mada hiyo, walioitikia ndiyo kwa pamoja nami nikafuta ubao. Tulikunja karatasi mara moja, tukakunja tena, tukazipanga juu ya meza, na hadi kengele ilipolia yule mvulana alikuwa anawafafanulia wengine. Usiku huo nilimwandikia mhadhiri yaliyotokea. Alijibu kabla sijalala, akaniuliza ningefanya nini kesho yake kwa 1/3.

Kwa hakika hilo ndilo nililolilipia. Mwanafunzi wa miaka kumi na tisa anayekaa bwenini husoma jambo hili leo na kulijaribu baada ya miaka mitatu, akiwa amelisahau nusu yake. Mtu mzima aliye kazini hulisoma usiku na kulijaribu asubuhi mbele ya watoto halisi, kisha hurudi na swali jipya. Mzunguko huo ukikamilika, sijui darasa lolote la matofali ambalo lingenifundisha zaidi. Lakini haukamiliki bila mtu upande wa pili anayesoma ulichoandika. Video haikusomi, wala tovuti haikusomi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Nasema hivyo kwa kuwa niliona pia kinyume chake. Somo moja la mwaka wa pili lilikuwa na kitini cha kurasa 90 ambacho mifano yake ilikuwa bado ya mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ilhali sisi tuliokuwa tukikisoma tulikuwa na kundi la kwanza la mtaala mpya madarasani mwetu. Mazoezi yalikuwa ya kuchagua jibu, yaliyosahihishwa na programu yenyewe kwa sekunde moja. Niliuliza maswali mawili kwenye sehemu ya majadiliano, na hadi muhula unakwisha yalibaki peke yake pale, bila jibu la mhadhiri wala la mwanafunzi mwenzangu. Nilipata A katika somo hilo. Leo siwezi kumweleza mtu yeyote nilijifunza nini, na A hiyo huniudhi kila ninapoitazama kwenye hati ya matokeo, kwa maana nililipa kiasi kile kile nilicholipia ujumbe wa sauti wa dakika nne.

Umeme ni habari ya kila mtu na sitaikalia sana, ila usiku mmoja unastahili kutajwa. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, muda mfupi kabla ya saa nne usiku, stima zilipotea karibu nchi nzima. Mimi nilikuwa na zoezi la kuwasilisha kabla ya saa sita, na betri ya kile kipakatalishi cha mtumba haikuwa ikidumu hata dakika kumi. Niliwasha mshumaa, nikaandika sehemu iliyobaki kwa kalamu kwenye karatasi za shule, nikazipiga picha na kumtumia mhadhiri kwa WhatsApp simu ikiwa imebaki na asilimia 11 ya chaji. Asubuhi nikakuta ametuandikia wote kwamba muda umesogezwa hadi Jumapili usiku na kwamba asiwepo atakayepoteza alama kwa giza ambalo hakulileta. Nadhani hakuomba ruhusa ya mtu yeyote, na ndivyo ilivyotakiwa.

Mitihani ilifanyika nyumbani, kamera ikiwa imewashwa. Kabla ya kuanza unazungusha kipakatalishi ili msimamizi aone kuta nne, chini ya meza na mlango uliofungwa. Nyumba yangu ina vyumba viwili na watu sita, na Jumamosi kanisa la jirani hufanya mazoezi ya kwaya kwa vipaza sauti, kwa hiyo mtihani wa kwanza niliufanya programu ikinionya kila mara kwamba imesikia sauti za watu. Baadaye mwalimu mkuu wangu, kwa wema wake, alinipa ufunguo wa ofisi ya naibu wake siku za mitihani. Wenzangu wasio na mwalimu mkuu wa aina hiyo walikodi vyumba vidogo kwenye saiba za mjini. Chuo kinachopokea wanafunzi wa kaunti za mbali kinapaswa kuwa na chumba cha mitihani angalau katika kila mji mkubwa, hata kama ni cha kukodi, na sikuona sababu yoyote ya msingi ya kukosa kimoja Kisumu.

Hata hivyo nautetea ukali wenyewe. Inafahamika kwamba nchini Kenya vijana wengi wenye akili wamekuwa wakijipatia riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu, na wengine wameona soko hapa hapa nyumbani. Katika kikundi chetu cha WhatsApp mtu alitangaza kwamba zoezi moja ni shilingi 1,500, na mradi wa utafiti ni maelewano. Baadaye zikaja programu za akili unde (AI), na bei hiyo ikashuka hadi bure. Nilizijua familia zilizouza ng'ombe ili mwalimu wao asome, na nilikereka kuona mtu aliye kwenye orodha moja na mwalimu huyo akinunua alichokitolea jasho mwenzake. Shahada ya mtandaoni bado inatazamwa kwa shaka na watu wengi, hata na wale wanaotupa kazi, na kila zoezi lililonunuliwa huipa shaka hiyo haki yake. Afadhali kamera inionee kwa sababu nimetazama saa ya ukutani kuliko cheti changu kutiliwa shaka maisha yangu yote.

Mazoezi ya kufundisha hayakuwa na taabu kubwa. Wakaguzi wawili walikuja shuleni kwetu kwa miguu yao, wakakaa nyuma ya darasa, wakakagua azimio la kazi na maandalio, wakazungumza nami kwa nusu saa kila mmoja. Kazi nzuri.

Lililoniumiza ni alama zilizokosekana, tatizo ambalo kila aliyepita chuo kikuu humu nchini analifahamu. Nilifanya mtihani wa saikolojia ya elimu mnamo Aprili 2024. Matokeo yalipotoka, masomo mengine yote yalikuwa na alama na hilo lilikuwa na mstari mtupu. Niliandika barua pepe kwa idara. Idara ikanielekeza kwa ofisi ya mitihani. Ofisi ya mitihani ikanirudisha kwa mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda, na mkataba wake ulikuwa umekwisha. Kuanzia Juni hadi Oktoba niliandika barua pepe kumi na moja, kila mara nikiambatisha risiti ile ya tovuti inayoonyesha kwamba niliwasilisha karatasi yangu saa tano na dakika 52 asubuhi. Nambari ya simu iliyowekwa kwenye ukurasa wa mawasiliano iliita hadi ikakatika, asubuhi na jioni. Orodha ya watakaofuzu ilipotolewa, jina langu halikuwemo.

Niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la usiku, nikafika mlangoni pa ofisi hiyo saa mbili asubuhi. Kijana niliyemkuta aliniita mama, akanipa kiti, akafungua tarakilishi. Ilimchukua chini ya nusu saa. Alama yangu, 68, ilikuwa imeingizwa chini ya msimbo wa somo jingine, pamoja na za wenzangu sita ambao pengine nao walikuwa wakiandika barua pepe kutoka walikokuwa. Alirekebisha papo hapo na kuniomba radhi kwa dhati, nami sina kinyongo naye hata kidogo. Lakini orodha ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilivaa joho mwaka uliofuata. Katika kipindi hicho nafasi za kufundisha sekondari msingi zilitangazwa na kupita. Tangu Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023, walimu wa msingi wenye shahada wamekuwa wakihamishiwa huko, na hilo ndilo lililokuwa limenisukuma nisome usiku kwa miaka yote ile. Chuo kilichonitoza ada ya teknolojia kila muhula kilinilazimu kusafiri usiku kucha ili mtu mmoja atazame skrini moja.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ninaipendekeza, najibu kwamba ndiyo, kwa mtu aliye kwenye kazi inayohusiana na anachokisomea, mwenye angalau saa mbili za usiku anazoweza kuzilinda, na ambaye familia yake imekubaliana naye kwa maneno ya wazi. Mume wangu alichukua zamu ya jikoni Jumanne na Alhamisi kwa miaka mitatu, na bila hilo nisingefika popote. Kwa aliyetoka shuleni juzi na hana kazi, ningemshauri aende darasani akakae na wenzake.

Kabla ya kulipa, angalia kwenye tovuti ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama programu yenyewe imeidhinishwa. Usitosheke na kuona kwamba chuo kimeidhinishwa, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti. Anayefikiria chuo cha nje ajue kwamba shahada yake itahitaji kutambuliwa rasmi humu nchini. Aelewe pia kwamba uwanja umepanuka tangu nilipoanza mimi: Watanzania wamekuwa na Chuo Kikuu Huria chao tangu miaka ya 1990, na Kenya ilikitunuku hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, tarehe 3 Agosti 2023. Omba uonyeshwe zoezi moja lililosahihishwa, jina la mwanafunzi likiwa limefutwa, uone kama pembeni kuna maneno ya mhadhiri au kuna namba peke yake. Omba orodha ya ada zote kwa maandishi.

Mwalimu wa Gredi ya 4 tunayeketi naye meza moja anakusudia kuanza Septemba, na tayari ana fomu za vyuo vitatu mkobani. Nimemshauri asianze kwa kuzijaza. Aanze kwa kupiga simu ofisi ya mitihani ya kila kimoja, siku ya kazi, saa nne asubuhi, na aandike ni kipi kilichopokea.